Wenzo na Mgongo

Katika Kiswahili limo neno moja la kale ambalo limepandishwa cheo hata likasahau kazi yake. Neno hilo ni wenzo, na wingi wake ni nyenzo. Kwa wazee, wenzo ulikuwa mti, gogo au chuma kilichotiwa chini ya kitu kizito ili kiinuke au kisogee. Siku hizi nyenzo zimehamia ofisini. Husemwa nyenzo za kufundishia, nyenzo za mawasiliano, nyenzo za kisheria. Na mkuu wa idara alalamikapo kuwa hana nyenzo, hapana amdhaniaye kuwa amekosa gogo. Si vibaya neno kukua, kwa maana lugha isiyokua hufa. Vibaya ni kwamba neno hili lilipohamia ofisini halikuacha mrithi mahali lilipotoka. Pale penye kitu kizito kwelikweli, penye chuma cha kilo 300 na njia nyembamba ya kukipitisha, wenzo haupo tena. Mahali pake pametwaliwa na mgongo wa mtu.

Ushahidi upo katika kila mtaa wa maseremala, Keko mjini Dar es Salaam, Gikomba mjini Nairobi, na nyuma ya nyumba nyingi ambazo hazina kibao mlangoni. Seremala aliyeanza kazi kwa randa ya mkono hujinyima miaka kadha wa kadha, kisha hununua mashine ya kuranda iliyokwisha kutumika kwa mwingine. Hiyo ni siku kubwa katika maisha yake. Lori huishusha mashine kwenye mdomo wa kichochoro, maana haliwezi kupita, na karakana iko uani, hatua 60 mbele, baada ya mfereji wa maji machafu, kizingiti na kona moja kali. Mwenye mali huitazama mashine, hukitazama kichochoro, kisha huwaita vijana walioketi kijiweni. Hawaulizwi kama wamepata kuhamisha mashine. Huulizwa kama wana nguvu, na kijana gani atajibu kuwa hana? Mashati huvuliwa, bei hupatanwa upesi, na kila mmoja hushika mahali mkono wake ulipopata pa kushika: huyu ukingo wa meza, huyu gurudumu la kupandishia meza, huyu kifuniko cha mkanda. Mmoja huhesabu. Mashine hunyanyuka shubiri moja, huenda hatua tatu, na tangu hapo usalama wa watu wote huwa mikononi mwa bahati.

Bahati aghalabu huwa njema, na hiyo ndiyo taksiri yake kubwa, kwa kuwa humzoeza mtu kuitegemea. Mara nyingi mashine hufika, soda hunywewa, na ushujaa husimuliwa hadi usiku. Mara moja haifiki. Kidole hubaki baina ya chuma na kizingiti, au mguu hubaki chini. Au pengine halionekani jeraha lolote, ila kijana wa miaka 22 huamka kesho yake asiweze kuinama, na mwaka hupita akiwa hivyo. Huyo hana jina katika daftari la mwajiri yeyote. Hakuna ofisi atakayokwenda kudai haki yake, wala hakuna barua itakayomthibitishia kwamba aliumia kazini. Alilipwa ujira wa nusu saa, naye alitoa mgongo ambao ungemtumikia miaka 40. Na ikiwa aliyeumia ni seremala mwenyewe, kama itukiavyo, basi fundi amepoteza kidole cha kushikia patasi ili apate mashine ya kumrahisishia kazi.

Hesabu ya jambo hili si ya wataalamu. Mashine ya kuranda ya chuma cha kusubu, ya ukubwa wa kadiri, yaweza kuwa na uzito wa kilo 300. Zile kubwa za viwanda vya zamani hupita kilo 500. Gawanya 300 kwa watu wanne, kila mmoja apata kilo 75. Walakini mgawanyo huo ni wa karatasi. Mashine haina uzito sawa pande zote. Palipo na mota pana zaidi, na aliyesimama hapo hubeba fungu lake pamoja na sehemu ya fungu la mwenziwe. Mmoja akiteleza, mzigo haumsubiri. Papo hapo huwa wa watu watatu, kilo 100 kwa kila mmoja, nao hawakujiandaa. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya uzito wa mizigo, Mkataba Na. 127, unaokataza mfanyakazi kuamriwa au hata kuruhusiwa kubeba kwa mwili wake mzigo uwezao kumdhuru kwa uzito wake. Pendekezo lililofuatana na mkataba huo lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima: mzigo ukizidi hapo, pafanywe bidii ya kuupunguza. Kwa hiyo vijana wa kijiweni huanza kazi wakiwa wamekwisha kuuvuka mpaka, kabla hata mmoja wao hajateleza.

Wala mashine yenyewe haisalimiki. Chuma cha kusubu hustahimili sana kukandamizwa, lakini hakina subira ya kupigwa wala kupindwa; kikipigwa hakibonyei, hupasuka. Meza ya mashine ilisawazishwa kiwandani kwa uangalifu mkubwa ili ubao upite juu yake bila kuyumba. Inapofanywa mpini wa kubebea, hupoteza usawa wake, na pengine hukatika sikio. Kisha seremala hukaa mwezi mzima akiilaumu mashine kwa kuranda mbao upande, hali aliiharibu yeye mwenyewe siku ya kuipokea.

Wanaoitetea desturi hii wana hoja nne, na kila moja yastahili kujibiwa kwa insafu.

Hoja ya kwanza ni methali: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Husemwa kwa kicheko, na kicheko hicho humaliza mjadala. Lakini waisemao husahau ilikotoka. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya misafara baina ya Unyanyembe na Bagamoyo. Walileta pwani pembe za ndovu, wakarudi bara na nguo na shanga. Mzigo wa kawaida ulikuwa wa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, ijapokuwa pembe kubwa zilizidi hapo. Watu hao hawakuwa wanyama wa mizigo. Upagazi kwao ulikuwa kazi ya ujuzi na fahari: walipatana ujira kabla ya safari, waliufunga mzigo kwa namna waliyoijua, waliugomea uliozidi, na kiongozi aliyewaonea waliweza kumwacha njiani na mali zake. Methali ilizaliwa kuwa sifa ya mjuzi wa mizigo. Leo imegeuzwa kuwa ruhusa ya kumtwika asiyejua. Na tazama dhihaka iliyomo: mzigo wa kawaida wa mpagazi yule mwenye sifa, ingawa aliuchukua kwa miezi, haukufika hata nusu ya fungu la kijana wa kijiweni.

Tena historia imekwisha kuonyesha mwisho wa fikira ya kwamba mgongo wa mtu ni chombo kisicho na gharama. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918, majeshi yaliyopigana Afrika Mashariki yalikosa barabara, na mbung'o aliwaua wanyama wa mizigo. Risasi, unga na sehemu za mizinga vikatiwa vichwani mwa watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Watu huuza na kununua huko kila siku bila kukumbuka kwamba wanatamka jina la waliokufa chini ya mizigo. Mfanya biashara anayesema katika soko hilo kuwa mgongo ni rahisi kuliko mtaimbo, amesimama juu ya jibu lake.

Hoja ya pili ni umoja. Husemwa kuwa watu wakiwa wengi mzigo huwa mwepesi, na neno harambee huletwa kuwa shahidi. Ni shahidi mzuri, lakini hakuulizwa vema. Harambee ilikuwa sauti ya wafanya kazi wa pwani wavutapo au wasukumapo kitu kizito, kabla Jomo Kenyatta hajaifanya mwito wa taifa la Kenya mwaka 1963. Sauti hiyo haikuwa na maana ya wingi tu. Ilikuwa na maana ya wakati: nguvu zote zifike pamoja, upande mmoja, katika kamba moja. Watu kumi walioizunguka mashine, kila mmoja akiivutia kwake, hawafanyi harambee, wanafanya fujo. Na katika kichochoro cha upana wa mita moja watu kumi hawana hata mahali pa kusimama. Nusu yao hutembea kinyumenyume wasione wanakokwenda, nao ndio wenye mzigo vifuani. Umoja ni kitu kitukufu, lakini haubadili upana wa mlango.

Tazama sasa namna kazi hiyo hiyo ifanywavyo na watu wawili au watatu wenye elimu yake. Kwanza hawashiki kitu. Huipima njia kwa kamba: upana wa mlango, kimo cha kizingiti, mahali pa kugeukia, uimara wa ardhi. Mashine iliyo pana kuliko mlango haitapungua kwa sababu imesukumwa. Pili, huipunguza mashine. Mota hufunguliwa, na kadhalika meza za nyongeza, vifuniko, mikono na kila kiwezacho kutoka. Visu huondolewa au hufunikwa, na skrubu za kila sehemu hutiwa katika kopo lake. Mota peke yake yaweza kuwa kilo 30, na kilo 30 zilizokwenda mbele kwa mkokoteni hazitamwangukia mtu. Tatu, hutafuta mahali uzito wote unapokusanyika. Msumeno wa mkanda, mathalani, ni mrefu na mwembamba, na gurudumu lake la juu huufanya mzito kichwani. Ukiinamishwa kidogo tu, uzito hupita nje ya nyayo zake, na tangu hapo hapana mkono wa kuurudisha. Ndiyo maana mjuzi hasimami kamwe upande ambao mashine yaweza kuangukia, na ikianza kuanguka huiacha ianguke. Chuma hununuliwa tena.

Nne, huja wenzo. Mtaimbo wa urefu wa sentimita 110 hutiwa ncha chini ya ukingo wa mashine, na kipande cha mbao ngumu huwekwa chini ya mtaimbo, sentimita 10 kutoka ncha hiyo, kiwe egemeo. Basi mkono wa mtu huwa mbali na egemeo mara 10 kuliko mzigo ulivyo. Kuinua upande mmoja wa mashine ya kilo 300 ni kuinua kadiri ya nusu yake, kilo 150. Wenzo huigawa 150 kwa 10, na mkono hukandamiza kwa nguvu ya kilo 15, uzito wa ndoo ya maji isiyojaa. Archimedes, Mgiriki wa Sirakusa, aliithibitisha kanuni hii katika karne ya tatu kabla ya Kristo, nayo haijapata kumdanganya mtu. Mashine ikiinuka sentimita mbili, mtu wa pili husukuma ubao chini yake, naye huusukuma kwa kijiti wala si kwa vidole. Kisha huinuliwa upande mwingine, kisha hutiwa ubao mwingine. Mashine hupanda kidogo kidogo kama mzee apandaye ngazi, na kila wakati ina mahali pa kukaa ikiwa mtaimbo utateleza.

Tano, huja magogo, au siku hizi vipande vya bomba la chuma vyenye unene mmoja. Mashine hufungwa imara juu ya mbao mbili nene zilizolazwa kuelekea safari yake. Chini ya mbao hizo huwekwa mabomba matatu au manne, na juu ya ardhi hutandikwa mbao nyingine ili mabomba yasizame mchangani. Hapo zile kilo 300 zilizowatoa jasho watu wanne husukumwa na mtu mmoja kwa viganja. Mzigo huenda mara mbili ya mwendo wa bomba lililo chini yake, kwa hiyo bomba huachwa nyuma, na mtu wa pili huliokota akaliweka mbele. Penye kona, bomba la mbele huwekwa mshazari, na mashine hulifuata. Penye mteremko, kamba huzungushwa mara mbili au tatu katika nguzo imara, na mtu mmoja aishikaye ncha huzuia uzito ambao watu watano wasingeuzuia kwa mikono, kwa sababu msuguano wa kamba na nguzo ndio ushikao. Penye kuinua, makapi yenye kamba nne huugawa mzigo mara nne, nayo hudai malipo yake kwa uaminifu: mita nne za kamba kwa kila mita moja ya kupanda. Hapo ndipo siri yote ilipo. Wenzo, gogo na kapi havimpi mtu nguvu za bure. Humwuzia nguvu kwa bei ya mwendo na subira, na asiye na subira hulipa kwa mwili.

Hoja ya tatu ni ya aibu kuliko zote, nayo ni kwamba mambo hayo ni ya viwanda vya Ulaya, hayana asili hapa. Nani basi aliyewafundisha waundaji wa Nungwi na Matondoni? Jahazi huundwa nchi kavu, na siku ya kushuliwa huwa kitu kizito kuliko mashine yoyote ya uani. Hapana aliyepata kusikia kuwa mafundi wamelibeba begani. Hungoja bamvua, maji yaje karibu, hulitegemeza kwa magadi lisilale ubavu, hutandika magogo, hufunga kamba, kisha ndipo wito hupigwa. Mwezi, bahari, gogo na kamba hufanya sehemu kubwa ya kazi, na watu hufanya iliyobaki. Kapi, roda, gadi, mtaimbo, kabari, kushua, kupweleza: huo ni msamiati wa Kiswahili. Baadhi ya maneno hayo yalitoka ng'ambo, lakini yalikaa kwa sababu kazi yake ilikuwapo. Watu wasio na elimu ya mizigo hawahitaji jina la kapi. Mtu aitaye elimu hii ya kigeni hawasifu wazee wake, awavua nguo.

Na kama kielelezo cha bara kinatakiwa, kipo Ziwa Tanganyika. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli katika mji wa Papenburg, wakaiita Goetzen. Ilitakiwa ziwani, na kati ya bahari na ziwa ipo nchi nzima. Meli ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapakiwa katika reli hadi Kigoma, na huko ikaunganishwa upya na kushuliwa mwezi wa Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Vita na ukoloni havistahili kusifiwa kwa habari hii. Kinachostahili kukumbukwa ni utaratibu. Meli nzima ilivuka nchi kwa sababu ilikubali kufunguliwa. Na mwenye karakana ataka mashine ambayo haikufunguliwa hata skrubu moja ivuke kichochoro.

Lawama hii haimwangukii seremala peke yake. Shule ina fungu lake. Mtoto wa shule ya msingi nchini Tanzania hufundishwa nyenzo katika somo la sayansi, tena kwa Kiswahili safi: egemeo, mzigo, jitihada. Hujua nyenzo za daraja la kwanza, la pili na la tatu. Huchora mstari juu ya pembetatu, huandika maneno matatu mahali pake, hupata alama zake na kupongezwa nyumbani. Jumamosi mtoto yule yule huitwa uani ashike upande mmoja wa mashine, na hapana mtu, hata yeye mwenyewe, akumbukaye kwamba juzi alipewa alama kwa kujua namna ya kutoishika. Elimu imekaa daftarini kama mgeni aliyenyimwa kiti. Si kosa la mtoto. Hajaonyeshwa hata siku moja mtaimbo uliotiwa chini ya jiwe, akaombwa aliinue kwa mkono mmoja na kustaajabu. Lau angestaajabu mara moja, asingesahau maisha yake yote.

Chuo kikuu nacho kisijitie upande wa washitaki. Wataalamu wa lugha hukaa vikaoni kusanifu istilahi za vyombo ambavyo bado havijafika, hali hawajui fundi wa jirani azitajavyo sehemu za msumeno wake. Neno wenzo halikupotea karakanani kwa sababu fundi ni mjinga. Lilipotea kwa sababu wenye kalamu walilichukua kwa kazi zao wasirudi kuuliza lilikuwa likifanya nini kule. Lugha iliyo hai huhesabiwa kwa yale iwezayo kumwokoa mtu nayo, na neno liwezalo kuokoa kidole lina thamani kuliko kumi yapendezayo katika hotuba.

Imebaki hoja ya nne, na hiyo ni nzito kuliko zile tatu kwa kuwa ni ya njaa. Husemwa: kijana wa kijiweni ahitaji fedha leo, ukileta mtaimbo na mabomba umemnyang'anya riziki, na mwenye karakana naye ni maskini, atapata wapi fedha za vyombo? Kuhusu vyombo jibu ni fupi. Hapa haikutajwa winchi ya bandarini. Umetajwa mtaimbo, vipande vitatu vya bomba, kamba na mbao, na seremala akikosa mbao, nani atakuwa nazo? Mtaa mzima waweza kuchanga na kununua seti moja, nayo ikaazimwa kama ngazi iazimwavyo. Gharama yake, ikigawanywa kwa mafundi kumi, haifiki gharama ya siku chache za hospitali.

Kuhusu riziki, jibu halitakiwi kuwa jepesi. Msomaji mwenye insafu ataona kwamba watu watatu wakitosha, wengine watatu watakosa ujira wa siku hiyo. Ni kweli, wala haifai kufichwa. Lakini riziki ipatikanayo mara moja na kumaliza uwezo wa kupata nyingine si riziki; ni mkopo wenye riba ya mwili. Kijana asifukuzwe, afundishwe. Anayejua kuhamisha mashine bila kuipasua na bila kuumiza mtu ana ufundi, na ufundi una bei kuliko nguvu. Ataitwa na mtaa wa pili, na mwenye mashine ya mamilioni atamlipa kwa furaha, kwa kuwa anailinda mali yake. Nguvu alizo nazo leo zitapungua kila mwaka, na ujuzi utaongezeka kila mwaka. Anayemwita leo kwa mabega yake tu amemwambia bila kutamka kwamba kichwa chake hakina faida. Hiyo ni dhuluma iliyo kubwa kuliko ujira mdogo.

Madhali mambo yako hivyo, wajibu wa mwenye karakana uko wazi, nao haungoji sheria. Yeye ndiye aliyeinunua mashine, yeye ndiye aliyeita, na kila aliyeitika amekuwa amana mikononi mwake. Haki yake ni kuwa na haraka kwa mali yake. Si haki yake kuwa na haraka kwa mifupa ya watu. Asimwite mtoto kushika palipo na pengo. Asimwite mtu yeyote kabla ya kuipima njia, kuifungua mota na kuzitandika mbao. Mashine imekwisha kungoja miaka mingi hadi akapata fedha za kuinunua; haitaona vibaya kungoja saa mbili zaidi kwenye mdomo wa kichochoro. Na vijana watakapokusanyika, swali la kwanza lisiwe nani ana nguvu. Liwe: wenzo uko wapi?